Kuajiriwa M&E, kuingia kampuni ya ushauri au kujitegemea: kipi kinakufaa?

Toka 2025 ianze simu yangu haijapoa. Wanaonipigia wengi ni watu wa ufuatiliaji na tathmini (M&E), yaani wanaopima kama mradi unafanya kazi, waliokuwa na ajira nzuri tu, Januari 20 mwaka ule Trump akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, barua za kusimamisha kazi zikaanza kushuka miradi ikiwa katikati, na ilipofika Julai 1 USAID yenyewe, shirika la misaada la Marekani, ikafungwa, kilichobaki kikapelekwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Swali lao ni lile lile, dada nijitegemee niwe konsaltanti au nisake ajira nyingine? Na kuna wengine wako kazini mpaka leo, wanaona wenzao wanapost picha leo wako Kigoma wiki ijayo wako Pemba, wanaona huko ndo kwenye maisha.

Mimi nimepita kote. Miaka 6 nimeajiriwa M&E kwenye shirika, miaka 2 kwenye kampuni ya ushauri hapa Dar, na sa hivi naingia mwaka wa 5 najitegemea. Kwa hiyo nalinganisha nilichokiishi, na hesabu zangu ni za Tanzania, wa Kenya na Uganda watabadilisha viwango vya kodi lakini mambo mengine watayatambua.

Niseme msimamo wangu mapema ili ujue nimesimama wapi. Watu wote wanaanza na hela, na hela nitaiongelea, ila vitu vilivyonitofautishia hizi njia tatu ni viwili: siku ambazo hamna anayelipa anazibeba nani, na ukweli ambao haujampendeza mtu anausimamia nani. Ukishajibu hayo mawili kwa hali yako, hela inajipanga yenyewe.

Hela, tuihesabu kwa kalamu

Chukua mshahara wa milioni 3 kwa mwezi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, laki tatu imeondoka. Inabaki 2,700,000 ndo inayopigwa PAYE, kodi ya mshahara, milioni ya kwanza kodi yake ni 128,000 na kinachozidi hapo kinakatwa asilimia 30, kwa hiyo ile 1,700,000 inatoa 510,000, jumla 638,000. Nyumbani unafika na 2,062,000, na kama bodi ya mikopo bado wanakudai toa tena asilimia 15 ya mshahara. Inauma, najua. Lakini kuna ambavyo huvioni kwenye hiyo karatasi: mwajiri naye anakuwekea asilimia 10 yake NSSF, mashirika mengi yanakulipia na bima ya afya ya familia, una siku 28 za likizo zinalipwa, na sisi wanawake tuna siku 84 za uzazi mshahara unaingia. Mwanangu wa kwanza nilimzaa nikiwa nimeajiriwa. Wa pili nilimzaa najitegemea, na wiki ya tano nilikuwa naandika ripoti mtoto yuko mapajani, kwa sababu fungu la pili la malipo lilikuwa linasubiri rasimu.

Sasa njoo upande wa kujitegemea. Mkataba wa siku 25, laki tano kwa siku, milioni 12 na nusu. Mtu akisikia laki tano kwa siku anazidisha kichwani mara siku za mwezi mzima na hapo ndo anapopotea. Mimi nina daftari, kila siku niliyoigusa kazi naiandika hata kama ni nusu siku. Ile tathmini ya mwisho ya mradi wa kilimo niliyoifanya mwaka juzi, kwenye mkataba siku 25, daftari lilisema 41. Siku 3 za kuandika andiko la kuomba kazi kabla hata sijajua kama nitapata, siku 4 za kuzungukia vibali, siku 2 za kurudi kijiji kimoja kwa sababu tulipofika mara ya kwanza kulikuwa na msiba na watu wote wako makaburini, alafu raundi tatu za maoni kwenye ripoti zikala siku 7. Gawa sasa, laki tano imekuwa kama laki tatu na elfu tano.

Na mikataba ya hivyo mwaka huo nilipata mitatu. Nimeandika maandiko 11, nikapata matatu, na nilihesabu kuwa nimefanya vizuri. Mitatu mara milioni 12 na nusu ni milioni 37 na nusu, gawa kwa miezi 12 unapata 3,125,000. Yaani niko sawa sawa na yule wa milioni 3, kabla sijakata bima, kabla ya NSSF (wanapokea wachangiaji wa hiari, na nakusihi uchangie), kabla ya laptopu, bando, na fundi wa gari. Mwaka mzuri nimewahi kupata mara mbili ya hapo, na mwaka mbaya nimewahi kupata mkataba mmoja.

Mteja akikulipa anazuia asilimia 5 ya kodi, kwenye ule mkataba 625,000. Hiyo haijapotea, inahesabika kwenye kodi yako ya mwaka ila lazima umdai cheti cha zuio, na umdai siku hiyo hiyo maana mhasibu akihama shirika hutakipata tena. Kodi ya makadirio ya TRA, mamlaka ya mapato, unalipa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba, Desemba, na hizo tarehe zinakuja hata kama umekaa benchi, yaani huna kazi inayolipa. Mimi nafungua akaunti ya pembeni, kila hela ikiingia asilimia 25 inaenda huko na siigusi, hata mtoto akifukuzwa ada naangalia pengine kwanza.

Kingine ambacho kinawameza wageni: soma vizuri kama ile hela ni ada yako tu au ni kila kitu ndani. Kuna mikataba ya jumla, mafuta, posho za wadodosaji, kukodi ukumbi, tafsiri, vyote vinatoka kwenye fungu hilo hilo. Milioni 30 ya mkataba wa jumla yenye mikoa mitatu inaweza kukuacha na milioni 6 mkononi.

Siku za benchi

Ukiwa umeajiriwa siku za benchi hazipo, au zipo ila analipa mwajiri. Mradi unasubiri hela ya robo inayofuata, we unakunywa chai unasafisha data, mshahara uko pale pale. Kwenye kampuni zipo kidogo, mkurugenzi ndo anayekosa usingizi. Ukijitegemea zote ni zako.

Na zina majira yake. Miradi mingi mwaka wake wa fedha unaisha Desemba, kwa hiyo kuanzia Agosti watu wanakumbuka kuwa walitakiwa kufanya tathmini, Septemba mpaka Novemba unakataa kazi kwa sababu huwezi kujigawa, Januari mpaka Machi simu kimya, na Januari ndo mwezi wa ada za shule. Masika ikiingia hata ukiwa na mkataba barabara za vijijini zinafunga na siku zinasogea. Juu ya yote malipo yanakuja kwa hatua. Ule mkataba wa milioni 12 na nusu ulikuwa asilimia 20 nikikabidhi ripoti ya kuanzia kazi, 40 rasimu, 40 ripoti ya mwisho ikikubaliwa. Neno lenyewe ni hilo, ikikubaliwa. Mimi nimemaliza kazi Oktoba, maoni ya makao makuu yakaja Januari, ile milioni 5 ya mwisho ikaingia Februari. Miezi minne hela yako iko kwa mtu na huna wa kumlaumu maana mkataba umesaini.

Siku hizi na soko lenyewe limebanana. USAID ilikuwa na sera ya tathmini toka 2011 iliyotaka miradi mikubwa ipimwe na mtu wa nje, na mashirika mengi tu ya ushauri, ya huku na ya Marekani, yaliishi kwa hiyo. Lile fungu limeondoka, na wale waliokuwa wameajiriwa kwenye miradi hiyo wamejiunga na sisi kuomba kazi zilizobaki. Kazi za mashirika ya UN, za Umoja wa Ulaya, za taasisi binafsi zipo, ila pale tulipokuwa tunaomba watu wachache tunaoonana kila siku sasa unakutana na mtu aliyekuwa bosi wako anaomba siku zile zile kwa bei ya chini. Ndo maana anayeniuliza leo namjibu tofauti na ambavyo ningemjibu 2022.

Ukweli anausimamia nani

Hapa naomba nikae kidogo.

Nilikuwa Kishapu, Shinyanga, tathmini ya kati ya mradi wa maji. Ripoti ya ndani ilisema magati 34, vile vituo vya kuchotea maji, yanatoa maji. Nikaomba orodha, nikachagua 12 kwa kura mbele ya ofisa wa mradi, nikachukua bodaboda nikaenda bila kutangulizwa na mtu. Gati la saba nikakuta kofuli ina kutu mpaka tundu la ufunguo limeziba, koki imefungwa kwa mpira wa baiskeli, chini pakavu, mbuzi wamelala. Bibi mmoja akatoka nyumba ya jirani, nikamuuliza hapa mmechota lini mara ya mwisho. Akafikiri, akamwonyesha mtoto aliyesimama pembeni yake, akasema hapa tumechota mwisho kabla huyu hajaanza kutembea. Yule mtoto alikuwa amevaa sare ya shule, darasa la kwanza. Nikaandika hivyo hivyo alivyosema, na mpaka jioni magati 5 kati ya 12 yalikuwa makavu.

Nikaweka kwenye rasimu: matano kati ya kumi na mawili hayatoi maji. Maoni ya shirika yakarudi, naomba tulegeze lugha, tuseme baadhi ya magati yanahitaji maboresho.

Nikiwa mwajiriwa, miaka ya nyuma kwenye shirika jingine, nilishawahi kukutana na jambo la namna hiyo. Bosi hakunikataza, aliniambia tu hiyo tutaiweka kwenye mafunzo tuliyoyapata, na kwenye ripoti ya mfadhili sikuiona. Nilinyamaza. Nilikuwa na mkopo wa benki na mkataba unahuishwa kila mwaka, na mtu anayehuisha ni yeye. Lakini kuna upande wa pili ambao sisi tunaojitegemea hatuusemi: nilimpigia fundi wa maji wa wilaya mwenyewe, nikamfuatilia kila wiki, ndani ya wiki tatu pampu imetengenezwa na maji yanatoka. Hamna ripoti iliyofanya kazi hiyo, ilifanyika kwa sababu nilikuwepo, nilijulikana, na nilikuwa narudi pale kila mwezi.

Kwenye kampuni jambo kama hilo anakaa nalo mkurugenzi. Wa kwangu alikuwa mtu imara, alienda kwenye kikao na picha na fomu za kijiji akasema namba haibadiliki, maneno tunaweza kuyapanga. Niliona vile anavyoongea, sauti haipandi, anafungua kiambatisho ukurasa kwa ukurasa, na nimekopi hiyo mpaka leo. Ila ukipata mkurugenzi anayetaka kazi inayofuata kwa mteja yule yule, jina lako litakaa juu ya maneno ambayo hukuyaandika.

Kishapu nilikuwa peke yangu. Nilijibu kwa maandishi kwamba namba inabaki, na kama wana maelezo tofauti nitayaweka kwenye kiambatisho kama yalivyo, kwa jina lao. Wakaleta maelezo, nikayaweka. Ripoti imepita, malipo ya mwisho yakachelewa, na hilo shirika halijanipigia tena mpaka leo. Hiyo ndo bei yake, na niliilipa kwa sababu nilikuwa na akiba ya miezi sita benki. Ningekuwa sina akiba sijui ningeandika nini, na hilo ndo jambo la kwanza namwambia mtu anayetaka kujitegemea kwenye kazi ya tathmini: akiba ni sehemu ya vifaa vyako vya kazi kama laptopu. Mtu mwenye njaa hawezi kuwa huru, hata mkataba ukimwita mtathmini huru kila ukurasa.

Nilivyofuatilia baadaye niliambiwa magati mawili kati ya yale matano yanatoa maji. Sikuwepo kuyaona. Ndo tofauti hiyo, wa ndani ana muda, wa nje ana kalamu.

Mshauri wa kitaifa na mshauri wa kimataifa

Ukijitegemea utakutana na mgawanyo huu karibu kila tangazo la mashirika makubwa, na unatakiwa uuelewe kabla hujasaini. Wa kimataifa ndo kiongozi wa timu, ada yake kwa siku inakuzidi mara kadhaa. Wa kitaifa anapanga safari, anatafuta vibali, anaendesha majadiliano ya vikundi, anatafsiri.

Miaka yangu ya kwanza nilifanya hivyo bila kuuliza. Vijiji vya Shinyanga kina mama wanaongea Kisukuma, mdodosaji ananiletea Kiswahili, usiku gesti nageuza Kiingereza kwa mwanga wa simu maana umeme umekatika, asubuhi naituma kwa mtu aliyeko hoteli ya mjini. Ripoti ikitoka jina langu liko kwenye ukurasa wa shukrani. Kwenye CV yangu siwezi kuandika niliandika, kwa hiyo tangazo linalofuata linalotaka aliyewahi kuandika siingii, narudi kuwa wa kitaifa tena. Unaona mduara ulivyo.

2020 ndege zilipoacha kuruka kwa ajili ya korona, kazi nyingi zilisogea mikononi mwetu, na wateja wakaona ripoti zinatoka vizuri tu. Kwa hiyo siku hizi mimi nauliza maswali matatu kabla ya kukubali: nani anaandika sura ya matokeo, jina langu linakaa ukurasa gani, na nani anawasilisha kwenye kikao cha uthibitisho mbele ya halmashauri. Nikipata sura mbili na jina kwenye jalada nakubali hata ada ikiwa chini kidogo. Nisipopata nataka ada ya kunifidia. Nimekosa kazi mbili kwa maswali hayo na nimepata nne nikiwa kiongozi wa timu, kwa hiyo siyajutii.

Kiswahili chenyewe ni mtaji ila usikichukulie poa. Nyarugusu kule Kasulu, wakimbizi wa Kongo wengi wanatoka Kivu ya Kusini, dodoso letu lilikuwa linauliza habari za shule, mama mmoja akaniambia watoto wako ku masomo, mdodosaji kijana wa Dar akatiki kwamba mtoto anasoma nyumbani. Masomo kwao ndo shule yenyewe. Tuligundua siku ya pili kwa sababu nilikaa nyuma nikasikiliza, tukarudia fomu za siku nzima. Kiongozi wa timu aliye hotelini asingelijua hilo mpaka leo.

Kampuni, kwa ufupi

Mshahara mara nyingi uko chini ya wa shirika la kimataifa na usiku unalala ofisini ikifika dedilaini ya tenda. Lakini kwa miaka miwili nilifanya tathmini 8, wakati ndani ya shirika kwa miaka 6 nilikuwa nimeona mradi mmoja ukikua. Nilijifunza kuandika andiko, kupanga bajeti ya utafiti, Stata ya kuchambua takwimu, KoboToolbox ya kukusanya data kwa simu, kusimamia wadodosaji 20 kwenye netiweki ya kubahatisha. Na kuna mtu anakukagua. Wengi tumezoea kuandika sampuli ya 384 kama sala, kwa sababu ndo inayotoka ukitaka uhakika wa asilimia 95 na makosa ya asilimia 5, ila ile ni ya kuchagua mtu mmoja mmoja kwa bahati nasibu. Ukichagua vijiji kwanza alafu kaya ndani ya vijiji, majirani wanafanana, unaweza kuhitaji hata mara mbili yake. Kosa hilo nililifanya na mwenzangu wa meza ya pili akalikamata kabla halijatoka mlangoni. Peke yako hamna meza ya pili. Mimi sasa namlipa mtu siku moja kila kazi anisomee sampuli na ripoti ya kuanzia, inatoka mfukoni kwangu na nailipa kwa moyo mmoja.

Tenda kubwa nazo zinataka kampuni, hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, uthibitisho wa kodi, kazi za serikali zinapita NeST, mfumo wa manunuzi wa mtandaoni. Mtu binafsi hapo huingii, unaingia kama mshirika chini ya kampuni. Fanya, lakini angalia kitu kimoja. Kuna kampuni zinaomba CV yako, wanashinda kwa jina lako, kazi wanampa mtu wa bei rahisi. Mimi natoa CV kwa tenda moja moja kwa barua yenye tarehe, na wiki tatu baada ya dedilaini napiga simu kuuliza.

Makaratasi

Ukiajiriwa hili silo tatizo lako. Ukijitegemea unasajili jina BRELA, wakala wa usajili wa biashara, unachukua TIN, namba ya mlipakodi, na leseni ya biashara, wateja wengi watataka risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Alafu vibali vya kazi yenyewe, barua inashuka kutoka TAMISEMI au mkoani kwa katibu tawala, inaenda wilayani kwa mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, na ukiruka ngazi moja utarudishwa. Utafiti wa afya unapita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, Zanzibar kuna ZAHREC, kamati ya maadili ya utafiti wa afya, na utaratibu wao, Kenya kibali cha utafiti ni NACOSTI, Uganda UNCST. Maombi ya NIMR yaweke kwenye ratiba mapema sana, usikubali ratiba ya mteja anayeona vibali ni wiki moja.

La kuangalia zaidi ni data. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kazi Mei 1, 2023, na ukiwa peke yako we ndo mwenye kubeba, hamna idara ya TEHAMA nyuma yako. Nimewahi kuwa na majina ya wanawake waliofanyiwa ukatili kwenye laptopu moja niliyosafiri nayo kwenye basi la usiku. Toka siku ile majina na majibu yanakaa mafaili tofauti yenye nywila, na sauti nilizorekodi nafuta zikishaandikwa.

Niliowajibu wiki iliyopita

Mmoja yuko Mwanza, miaka 28, ana miaka mitatu kwenye shirika, mkataba wake unaisha Juni mwakani. Nilimwambia usiache. Kaa mpaka mkataba uishe, omba uwe mtu wa kuandika hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi inayotakiwa, za tathmini yao ya mwisho na kusimamia konsaltanti atakayekuja, maana ukikaa upande wa mteja mara moja utajua wanasoma nini kwenye andiko na wanatupa nini. Jifunze vigezo vya kutathmini miradi vya DAC, kamati ya misaada ya maendeleo ya OECD, mpaka ujue kuvibishia, vilikuwa vitano toka 1991 cha sita kikaongezwa 2019, na watu wengi wanavijaza kama fomu bila kuuliza kipi kina maana kwa mradi husika. Jiunge na TanEA, chama cha watathmini Tanzania, huko ndo watu wanapoulizana nani yuko huru mwezi huu. Baada ya hapo nenda kampuni miaka miwili. Kujitegemea kutakukuta na miaka 31 hivi, una ripoti zenye jina lako na watu wa kukuthibitisha, na hujachelewa chochote.

Wa pili ana miaka 47, mradi wake ulifungwa 2025, ana miaka 19 ya kazi za afya, watoto wawili sekondari. Huyu nilimwambia jitegemee, ila sio peke yako na sio kwa kila kitu. Achague afya tu, aache kuomba kilimo na utawala bora kwa sababu tangazo limetoka. Aingie na kampuni mbili kama mshirika ili siku za benchi zipungue. Alafu akaniuliza aseme bei gani kwa siku, kazi ya kwanza imeshamfikia na dedilaini ni Ijumaa. Tukakaa na daftari langu kwenye simu, tukaanza na siku: mkataba unasema 20, mikoa miwili, kibali cha NIMR, maoni kutoka ofisi tatu. Tukaandika 34. Ndo tukaanza kuhesabu bei kutoka hapo.